Paa Juu ya Mchezo

Ndugu msomaji, wewe uishiye mjini huenda hujapata kulifikiria paa kuwa ni sehemu ya mchezo. Unalipa kiingilio, unaingia ukumbini, unaketi, na huko nje mvua inanyesha au jua linachoma bila kukuhusu. Lakini sisi tuliozaliwa katika nyanda za juu za Kigoma, tangu Kasulu hadi Kibondo na Kakonko, tumekua tukijua kwamba mwamuzi mkuu wa kila mchezo si yule mwenye filimbi mdomoni. Mwamuzi mkuu ni mvua. Huyo akishaamua, hakuna wa kukata rufani.

Kwetu ni Kasanda, kata ambayo zamani ilihesabiwa katika wilaya ya Kibondo na ambayo tangu mwaka 2012 imo katika wilaya mpya ya Kakonko. Mvua zetu huanza kati ya Oktoba na Novemba, nazo huendelea, pamoja na mapumziko mafupi katikati, hadi kuelekea Mei. Ni mvua za baraka. Ndizo zitupazo maharage, mahindi, mihogo na ndizi, wala hakuna mtu mwenye akili timamu atakayezilalamikia. Hata hivyo, zinaukata mwaka wetu vipande viwili: kipande cha jembe na kipande cha ngoma. Kuanzia Juni hadi Septemba ndipo harusi zinapofungwa, ndipo ngoma zinapotolewa, ndipo vijana wanapocheza mpira hadi giza liwafukuze. Miezi mingine yote uwanja ni tope, na anayetaka kucheza hutazama mawingu kwanza.

Mtu mzima aweza kungoja kiangazi. Mtoto anayejifunza mchezo hawezi, kwa maana miaka ya kujifunza ni michache na haingoji. Nina mpwa wangu wa kike, mwanafunzi wa sekondari, ambaye Mungu amemjalia urefu, wepesi wa miguu na mapenzi makubwa ya mpira wa kikapu. Uwanja wa shule yao ni udongo mwekundu ulioshindiliwa. Wakati wa kiangazi mpira unadunda vizuri. Wakati wa masika ukiubwaga chini unabaki palepale kama boga. Mwaka mmoja, katika mashindano ya kuchagua timu, mvua iliwakatiza kipindi cha pili hawajaachana kwa pointi. Saa zikapita, mvua haikukoma, na magari ya kuwarudisha wageni yalikuwa yanangoja. Mshindi akapatikana kwa kurusha shilingi. Timu ya mpwa wangu ikashindwa na shilingi hiyo.

Sikusikia habari hiyo kutoka kwake, kwa kuwa yeye si mtoto wa kulalamika. Mama yake ndiye aliyenisimulia, akaongeza kwamba tangu siku ile binti amekuwa akisema mchezo si kazi ya watu wa huku. Neno hilo lilinichoma. Babu zetu wa Buha walikwenda manamba katika mashamba ya katani ya Tanga, kwa sababu waliambiwa kwamba fedha ya kodi haipatikani kwao. Sisi watoto na wajukuu wao tulikuja Dar es Salaam kutafuta ajira. Je, sasa tumwambie huyu wa kizazi cha nne kwamba hata kudundisha mpira hana budi akufuate mbali?

Mwishoni mwa Mei 2024, shule zilipokuwa zimefungwa, niliwaomba wazazi wake ruhusa, tukatengeneza hati za kusafiria, nikaondoka naye kwenda Kigali. Wengine walishangaa kwa nini nisimpeleke Dar es Salaam. Tazama ramani, ndugu msomaji. Kutoka Kakonko hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000. Kigali iko karibu kuliko hapo mara nyingi. Unapanda kwenda Nyakanazi, unashika barabara ya Lusahunga na Ngara, unafika Rusumo ambako mto Kagera unaporomoka kwa ngurumo, na ukishavuka daraja gari linahamia upande wa kulia wa barabara na saa yako unairudisha nyuma kwa saa moja. Vilima ni vilevile, migomba ni ileile, na lugha nayo si ngeni: Muha akitulia na kutega sikio, mazungumzo mengi ya Wanyarwanda yanamwingia bila mkalimani.

Tulichokifuata ni ukumbi mkubwa wa michezo ulioko Remera, kando ya uwanja wa mpira wa miguu uitwao Amahoro, yaani amani. Ukumbi huo ulijengwa na kampuni ya Summa ya Uturuki kwa muda wa takriban miezi 6, ukafunguliwa Agosti 2019 kwa jina la Kigali Arena. Unachukua watu 10,000 walioketi. Kabla yake, mwaka 2018, Wasenegali walikuwa wamekwisha kufungua wa kwao huko Diamniadio, karibu na Dakar, wenye viti 15,000. Hizi ni miongoni mwa nyumba kubwa za namna hiyo kusini mwa Sahara, na ile ya Kigali ndiyo iliyo jirani yetu.

Nitakueleza nilichokiona ndani, maana picha za televisheni hazikitoshi. Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni kwamba nyumba kubwa namna ile haina nguzo hata moja katikati. Paa zima limebebwa na mihimili ya chuma iliyosukwa pembetatu kwa pembetatu, kila pembetatu ikimsaidia mwenzake mzigo, hata uzito wote ukashushwa kwenye kuta za pembeni. Kwa hiyo, mtu aliyeketi safu ya mwisho kabisa anauona uwanja wote bila kupinda shingo. Jambo la pili ni sakafu. Sakafu ya mchezo ni ya mbao, nayo hunesa kidogo chini ya mguu, ili magoti ya mchezaji yasiumie kila arukapo. Ikija siku ya muziki, sakafu hiyo huondolewa au hufunikwa, jukwaa likasimamishwa, na mahali pa kikapu pakawa mahali pa gitaa. Jambo la tatu ni sauti. Katika uwanja wa wazi sauti hupaa ikapotea. Chini ya paa inarudi. Watu elfu kumi wakishangilia ndani ya nyumba moja, unaisikia sauti kifuani kabla ya kuisikia masikioni.

Siku ile, Jumamosi ya tarehe 1 Juni 2024, ilikuwa fainali ya Ligi ya Kikapu ya Afrika. Ligi hiyo ilianza mwaka 2021, na mashindano yake ya kwanza yote yalichezwa humo humo Kigali. Katika miaka mitatu ya mwanzo kombe lilichukuliwa na timu za kaskazini: Zamalek ya Misri, US Monastir ya Tunisia, kisha Al Ahly ya Misri. Mwaka huo Petro de Luanda ya Angola iliishinda Al Ahly ya Libya kwa pointi 107 kwa 94, na kombe likashuka kusini ya Sahara kwa mara ya kwanza. Mpwa wangu hakupiga makelele. Alikaa ameegemeza kidevu juu ya ngumi mbili, akiwatazama wachezaji wasiokuwa na mpira, jinsi wanavyosogea, jinsi wanavyofungua njia. Ndipo nilipotambua kwamba sikumleta kutazama tamasha. Nilikuwa nimemleta darasani.

Tulipotoka alinyamaza kitambo, tukapita kando ya uwanja wa Amahoro ambao siku hizo ulikuwa katika hatua za mwisho za kujengwa upya, ukafunguliwa mwezi uliofuata ukiwa na viti 45,000. Nilimweleza kwamba katika mwaka 1994 maelfu ya watu waliokuwa wakiwindwa walikimbilia katika uwanja huo, wakalala humo chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Sisi wa mkoa wa Kigoma hatuhitaji kufundishwa ukimbizi; tumeishi na kambi miongoni mwetu miaka mingi. Nikamwambia pia kwamba tarehe 7 Aprili 2024, ilipotimia miaka 30 ya mauaji yale, kumbukumbu ya kitaifa ilifanyika ndani ya ukumbi tuliotoka. Ukumbi wa watu si wa kicheko tu. Ni nyumba ambamo jamii inaweza kuketi pamoja kwa furaha na kwa kilio, bila ya mvua kuitawanya.

Hapo ndipo aliponiuliza swali lililonifanya niishike kalamu. Alisema, "Mjomba, lazima paa liwe kubwa hivi?"

Ningependa wakubwa wengi wajiulize swali hilo. Nyumba kubwa ina njaa kubwa. Ina umeme wa kulipia, ina usafi, ina walinzi, ina paa la kukagua na viti vya kutengeneza, na yote haya hudai fedha hata siku ambayo mlango haukufunguliwa. Adui wa ukumbi si mvua; ni siku tupu. Watu wa Kigali wanalijua hilo, ndiyo maana wanajaza nyumba yao kwa kila lililo halali: ligi yao ya kikapu, mashindano ya Afrika ya wanaume mwaka 2021 na ya wanawake mwaka 2023, mikutano, na muziki. Kendrick Lamar wa Marekani aliimba humo Desemba 2023, na John Legend akamfuata Februari 2025. Tena, tangu Mei 2022 jina la nyumba limekuwa BK Arena, kwa kuwa Benki ya Kigali inalipa ili jina lake likae ukutani. Mji mkuu wa nchi waweza kupata benki ya namna hiyo. Kibondo haiwezi, na pasiwepo mtu wa kuwadanganya watu wa Kibondo kwamba inaweza.

Lakini usidhani, ndugu msomaji, kwamba kumbi ni mambo ya wageni. Wewe mkazi wa Dar es Salaam umelelewa na kumbi. Wazee wako walicheza dansi Arnautoglu, pale Mnazi Mmoja. Ndondi na taarabu umezitazama Diamond Jubilee, Upanga. Wana Sikinde walikuchezesha DDC Kariakoo, nao Vijana Jazz wakakuita Kinondoni. Humo vijana walipata wachumba, waimbaji walipata riziki, na mabondia walipata jina. Hakuna aliyeuliza kama ni anasa. Ilieleweka tu kwamba mtu aliyefanya kazi juma zima kiwandani au bandarini anastahili mahali pa kukutana na wenzake, mahali penye paa, taa na heshima. Ninachouliza mimi ni kwa nini stahili hiyo ikome pale lami inapokomea.

Niliporudi Kasanda nililieleza wazo langu mbele ya kaka yangu mkubwa, mtu wa shamba asiyependa maneno mengi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mdogo wangu, watoto wetu wa kike wanaamka alfajiri kufuata maji mtoni ndipo waende shule. Wewe unataka kuwajengea nyumba ya kuchezea mpira. Leta maji kwanza."

Sikumjibu siku ile, kwa sababu jibu la haraka kwa hoja nzito ni utovu wa adabu. Nilichukua karatasi nikapiga hesabu, nami nakuomba uzipige pamoja nami.

Uwanja wa kikapu una urefu wa meta 28 na upana wa meta 15. Ukiacha meta 2 kila upande ili mchezaji asijigonge, unapata meta 32 kwa 19, yaani meta za eneo 608. Ndani ya eneo hilo uwanja wa mpira wa wavu, wenye meta 18 kwa 9, unaenea na nafasi inabaki. Uwanja wa netiboli, wenye meta 30.5 kwa 15.25, unaenea pia, ingawa kwa kubanana. Mpira wa mikono tu ndio unaokataa, maana unataka meta 40 kwa 20. Kwa ukubwa, basi, ni kama madarasa tisa na nusu ya meta 9 kwa 7, tena bila kuta za kutenganisha, bila milango, bila madirisha. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa vizuri, nguzo imara pembeni, mihimili ya chuma au ya mbao iliyosukwa kwa pembetatu kama ile niliyoiona Remera, na mabati juu. Paa liwe juu meta 7 au zaidi ili mpira wa wavu usiligonge. Kuta si za lazima; upepo wa nyanda zetu ni feni ya bure, na mchana jua ni taa ya bure.

Sasa njoo kwenye maji ya kaka yangu. Mvua ya milimeta moja ikinyesha juu ya meta moja ya eneo hutoa lita moja. Kwa hiyo mvua moja ya wastani ya milimeta 20 juu ya paa la meta 608 hutoa lita zaidi ya 12,000. Sema robo yake imwagike au ipotee kwenye mifereji. Bado zinabaki lita 9,000 na ushee, zikiingia katika matangi ya shule kutokana na mvua ya alasiri moja. Mvua yetu ni ya miezi 6 au 7. Yule mwamuzi mkali aliyekuwa akivunja mchezo ameajiriwa sasa kuwa mchota maji.

Nilimpelekea kaka yangu karatasi ile. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Baada ya siku mbili akaniuliza, "Na matangi je, umeyahesabu?" Sikuwa nimeyaweka katika hesabu ya gharama, nikayaweka mbele yake. Gharama ikapanda, lakini kutoka siku hiyo tulikuwa tunajadiliana namna ya kujenga, si kama inafaa kujenga. Mtu hujikuna ajipatapo, na mkono wa Kasanda si mfupi kama tunavyodhani. Matofali ya kuchoma tunayajua. Mchanga na mawe tunavyo. Kinachotupungukia ni saruji, chuma, mabati, na fundi mwenye elimu ya kuhakikisha kwamba paa halitawaangukia watoto. Hapo pa mwisho ubahili haufai hata kidogo: heri uwanja wa tope kuliko paa lililopigwa kwa kukisia.

Yapo maswali ambayo hesabu peke yake haiyajibu. Nani atashika ufunguo? Nani atazibua mifereji mwezi wa Septemba kabla ya mvua? Je, wavulana hawatajitwalia uwanja jioni zote na kuwaacha wasichana wasimame pembeni wakitazama? Nimewaona wasichana wakisimama hivyo katika viwanja vingi. Paa halimpi msichana nafasi. Ratiba iliyoandikwa na kuheshimiwa ndiyo impayo. Kwa hiyo kamati ya ukumbi hapana budi iwe na mama wa kijiji wenye kauli, na siku za wasichana ziandikwe ukutani kwa rangi isiyofutika. Jumamosi iwe ya harusi na ngoma kwa kiingilio kidogo, ili ukumbi ujilishe wenyewe. Na mzee akifariki wakati wa masika, waombolezaji wasilowe.

Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya kikapu ya Marekani, aliyechaguliwa wa pili katika mwaka 2009, aliushika mchezo huo akiwa kijana wa miaka 15 hivi hapa Dar es Salaam. Sikuambii kwamba kila mtoto mrefu atafika huko; wengi hawatafika, wala si lazima wafike. Nasema tu kwamba yeye alipofikia umri wa kujaribu, palikuwapo mahali pa kujaribia. Kipaji hakichagui kuzaliwa karibu na lami.

Ndugu msomaji, sisi tulio mijini tuna desturi nzuri. Akifariki mtu wa kwetu, tunachanga usiku huo huo, gari linapatikana, na maiti inafika nyumbani kwa heshima. Nimechanga mara nyingi, nawe umechanga. Hatujapata kuulizana kama fedha itatosha; huwa inatosha kwa sababu tumekwisha kuamua kwamba ni lazima. Kama umoja wenu wa watu wa nyumbani utakutana Jumapili hii, yaelezeni mambo mawili kwa pamoja: orodha ya rambirambi na bei ya bati moja. Mwenye uwezo wa bati moja asione haya kwa kuwa ni moja, maana paa lolote, hata lile la Remera, lilipandishwa kipande kwa kipande. Na mwenye ujuzi wa kuchora ramani ya jengo, au wa kuchomelea chuma, atoe ujuzi wake, maana huo ni mchango mzito kuliko wa fedha.

Mpwa wangu yuko shuleni, na miaka yake ya kujifunza inaendelea kuhesabika. Kiangazi anacheza, masika anangoja. Paa tunalolizungumza huenda likachelewa kwake, nami nimemwambia hivyo waziwazi, kwa kuwa mtoto wa umri ule anastahili ukweli. Alinijibu kwamba basi atakuwa mwalimu wa wale watakaocheza chini yake. Kazi iliyobaki, ndugu msomaji, ni yetu sisi tulio na mishahara: kuhakikisha kwamba atakapokuwa tayari kufundisha, mahali pa kufundishia pasiwe pakavu kwa bahati tu.